Maji ya Mapema na Shamba la Chujio

9 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo huko kwenye baridi? Sisi huku chini hatujambo, ila vumbi limetukaa kooni. Shemeji yako anakusalimu. Masikio yake yanazidi kuwa mazito. Juzi nilimwomba aniletee jembe, akaniletea jamvi, akalitandika vizuri na kukaa, akaningoja nilete chai. Mpwa wako amefika mjini salama, na mkunga anasema mtoto ni wa mwezi ujao, basi anza kujizoeza kuitwa babu. Nimekufumia soksi za sufu. Anazo dereva wa lori. Mdai mapema, kwa sababu za mwaka jana nilimwona amezivaa yeye.

Sasa nije kwenye la maana. Unajua huku mvua tunaisikia redioni tu. Tunachopanda chote kinangoja theluji iyeyuke huko kwako ishuke na mfereji, na huu ndio wakati wa kuamua. Nitie vitunguu shamba lote la juu au nusu? Watu wa kamati ya mfereji wananiuliza kila wakiniona, kwa vile ndugu yangu ndiye mwangalizi wa lango la maji. Wanavyokuongelea utadhani theluji unaitengeneza wewe. Jirani yetu Mzee Haiwezekani ameshatoa hukumu yake: haiwezekani mwaka huu ukawa mzuri. Lakini yule hata jua likichomoza huwa ana shaka nalo.

Anayenikosesha raha ni fundi cherehani, rafiki yangu wa kule mwisho wa mfereji. Kisima chao hukauka kila mwaka vitunguu vikiwa ndiyo kwanza vinanenepa. Ameniambia mwaka huu kikikauka tena, yeye na mumewe na watoto watahamia mjini. Hakusema kwa uchungu. Alisema huku anatia uzi kwenye sindano, kama mtu anayeongea habari za jirani. Lakini mbuzi wao sikuwaona uani.

Na wewe unarudi lini? Shamba la Chujio linakungoja. Shemeji yako bado anaonyesha kwa mkono pale utakapokuja kujenga nyumba yako ukistaafu, mlango upande huu, jiko upande ule. Anakuchorea hadi choo.

Dada yako

27 Februari

Dada,

Soksi nimezipata, na dereva amenuna. Mimi mzima kabisa. Waambie wote huko kwamba nimewasalimu, na shemeji mpigie kelele kidogo, umwambie nampenda hivyo hivyo alivyo. Mpwa wangu mwambie mtoto akiwa na pua yetu asinilaumu mimi.

Umeniuliza habari za theluji. Wiki hii tumepanda kupima. Tunadidimiza bomba mpaka liguse udongo, tunalitoa na theluji yake ndani, tunalitundika kwenye mizani. Uzito wake ndio unaosema yamelala maji kiasi gani. Mwenzangu wa kazi ana mafua, kwa hiyo upande wa pili wa mizani alinishikia mwoka mikate wa hapa kituoni. Ni mama mmoja mjane. Ana mikono isiyotetemeka kwenye baridi, kwa sababu ya kukanda unga miaka yote hiyo.

Theluji si haba, Dada, lakini ni laini na imelowa. Joto limekuja kabla ya siku zake. Kwenye miteremko ya chini nasikia maji yanapita chini ya theluji, na huu ni Februari. Ninavyoona, nitafungua lango mwezi Machi badala ya mwisho wa Aprili. Mtapata maji mengi wakati hamna mmea wa kunywa, na ikifika Julai, vitunguu vikiwa na kiu, mfereji utakuwa mkavu.

Panda nusu. Samahani kwa habari hiyo. Mwoka mikate anasema nikuandikie jambo la kufurahisha pia, basi nakuandikia kwamba amegundua namna ya kuoka mkate wa shayiri usiovunja meno. Anakusalimu, ingawa hakujui.

Mdogo wako

8 Machi

Mdogo wangu,

Tu wazima. Msalimie huyo mwoka mikate. Mpwa wako bado anasubiri, kavimba miguu, anakula chaki kwa siri akidhani mama yake haambiwi.

Barua yako nimeisoma mbele ya kamati yote. Mhandisi wa maji, yule kijana mrefu aliyetumwa kwetu mwaka jana, akasimama akasema kuna njia. Maji ya mapema yasiachwe yapite yakapotelee jangwani. Tuyageuzie kwenye shamba la mchanga na kokoto, tuyaache yafurike yazame ardhini. Yatatembea chini kwa chini polepole, na kiangazi yataibukia kwenye visima vya walio upande wa chini. Alisema, "Ardhi ni ghala. Kinachotakiwa ni mlango wake."

Watu wote walilipenda wazo. Likaja suala la shamba la nani. Hapo kila mmoja akaanza kutazama kucha zake. Mzee Haiwezekani akasema haiwezekani mtu mwenye akili timamu akazamisha shamba lake mwenyewe.

Ndugu yangu, unajua na mimi najua ni shamba gani linalomeza maji. Marehemu baba alilimwagilia mpaka akachoka, akaliita Chujio, na jina halijatoka. Tena liko juu kidogo ya visima vyote vya mwisho wa mfereji. Mhandisi alipolikanyaga alichota mchanga akauacha umchuruzike vidoleni, akacheka peke yake.

Lakini ni letu sote wawili, na ni mahali pa nyumba yako. Likifurika mara moja litafurishwa kila mwaka, hapatajengwa tena hata banda. Nusu yangu ningeitoa leo. Tatizo ni kwamba maji hayajui nusu.

Nijibu upesi. Ukisema hapana sitakuuliza sababu.

Dada yako

30 Machi

Mdogo wangu,

Umekuwa babu. Mpwa wako amerudi nyumbani na mtoto wa kike, ana sauti ya mnadi wa sokoni, na pua ni yetu, pole yake. Shemeji yako anasema hiyo ndiyo sauti ya kwanza anayoisikia vizuri baada ya muda mrefu, anataka kulala naye chumba kimoja.

Barua yangu ya tarehe nane hukuijibu. Nilidhani barabara imefungwa. Dereva wa lori anasema iko wazi na alikukabidhi barua mkononi, ukaiweka mfukoni bila kuifungua mbele yake. Sawa. Mtu ana haki ya kufikiri.

Maji yameshuka kama ulivyosema. Mfereji umejaa hadi ukingoni na hakuna anayeyahitaji, miche bado iko kitaluni, midogo kama nyuzi. Inauma kuyatazama yakipita bure. Fundi cherehani alikuja kusimama pale darajani na mtoto wake mgongoni, akayatazama.

Huku kwetu mambo ni ya kawaida. Wamekuja ndege fulani wenye miguu mirefu, sijui wametokea wapi, wanakaa siku nzima. Viatu vya shemeji yako vimejaa tope, nimevianika ukutani. Usalama tu.

Nijibu kuhusu shamba, mdogo wangu. Hata neno moja.

Dada yako

14 Aprili

Dada,

Hongera wewe, hongera mama mtoto. Nimewatangazia wote hapa kituoni. Mwoka mikate alitengeneza keki, akaandika juu yake BABU kwa sukari, nikala B peke yangu.

Samahani kwa kuchelewa. Lango lilikwama. Magogo yalishuka na maji yakajibana kwenye vyuma, ikabidi nishuke na kamba kiunoni. Kamba ilishikwa na mwenzangu na mwoka mikate. Usiogope, yamekwisha, sina hata mkwaruzo.

Maua madogo ya njano yametoka pale theluji ilipoondoka. Mwoka mikate anayajua majina yote. Alizaliwa huku, na anasema mtu akizaliwa huku hawezi kulala usingizi mahali ambapo hasikii maji.

Kuhusu shamba, bado nafikiri. Ni jambo kubwa kidogo. Nipe muda. Usilifanye lolote kwa sasa.

Ndege wenye miguu mirefu ninaowafahamu mimi hukaa penye maji yaliyotulia. Sijui hao wako ni wa aina gani.

Mdogo wako

2 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Mtoto anacheka. Mama yake anasema ni gesi, mimi nasema anacheka. Shemeji yako hajambo.

Nimesoma ile sentensi yako ya ndege, nikaona aibu mpaka masikioni. Basi nikwambie.

Nililifurisha Chujio tarehe kumi na tisa Machi. Nilikungoja, nikangoja, na maji yalikuwa yanapita. Usiku ule sikulala, na kulipopambazuka nikamwambia shemeji yako, "Chukua jembe." Kwa mara ya kwanza akasikia sawasawa. Tukaenda wawili tu, tukakata ukingo wa mfereji pale kwenye mkuyu uliokauka, na maji yakaingia. Yalitambaa kwanza yakibeba vumbi na majani, kama mtu anayeingia nyumba asiyoizoea. Halafu yakatanda. Mchana shamba lilikuwa ziwa, na kesho yake asubuhi lilikuwa mchanga mbichi, yote yamemezwa. Tukayaachia tena. Tumeendelea hivyo mpaka juzi. Kamati walitukuta tumelowa kiunoni, wakavua viatu wakaingia. Hata Mzee Haiwezekani alikuja na koleo lake, akawa anajaza matuta ya kingo huku anasema haya yote haiwezekani yakafaa.

Nimekunyang'anya kiwanja chako bila ruhusa yako. Sina la kujitetea. Ningekuwa mimi ndiye niliyefanyiwa hivyo, ningekasirika. Kasirika, lakini niandikie.

Dada yako

19 Mei

Dada,

Natumaini mtoto anacheka bado, na mimi nasema si gesi.

Nimesoma barua yako nimekaa kwenye ngazi za jiko la mikate. Nilipofika pale kwenye mkuyu nikaanza kucheka, nikacheka mpaka mwoka mikate akatoka na unga hadi kwenye viwiko kuuliza nimepatwa na nini. Nikampa asome mwenyewe. Aliisoma polepole, akaikunja, akanirudishia.

"Sasa utamwambia," akasema.

"Nitamwambia."

"Mwezi wa tatu ulisema hivyo hivyo. Mwezi wa nne ukamwandikia habari za maua."

Akarudi ndani kukanda unga, na alivyokuwa anaupiga nilijua si unga anaoupiga.

Basi sikiliza. Barua yako ya Machi niliifungua siku ile ile. Kukupa shamba hakukunichukua hata muda wa kuvaa viatu. Kilichonishinda ni kwamba nikisema chukua, utauliza, "Na nyumba yako utajenga wapi?" Na jibu nilikuwa nalo. Sijengi, Dada. Sirudi kuishi huko. Nataka kumwoa huyu mama na kubaki huku, nifungue lango na kulifunga mpaka mikono ikatae, halafu niwe nampasulia kuni. Nilikuwa naona shemeji amesimama pale mchangani ananionyesha mlango na jiko, na wewe unamsikiliza, kalamu ikawa nzito. Tangu baba na mama waondoke umekuwa ukiniwekea mahali pa kurudi. Nitakwambiaje kwamba sipahitaji tena?

Kwa hiyo nikanyamaza, nikakusingizia magogo. Magogo yalikuwepo kweli, lakini yalikuwa ya siku moja.

Wewe ulikuwa unaiba nisichokitaka, na mimi nilikuwa naficha kwamba sikitaki, nisije nikakukosea. Shamba ni lenu, ni la visima. Lifurisheni kila mwaka, na mimi nitakuwa nakuletea habari kabla lango halijafunguka.

Harusi ni Agosti, kazi za lango zikishapungua. Ni ndogo. Utakuja?

Mdogo wako, anayeomba msamaha kidogo na kufurahi sana

22 Julai

Mdogo wangu,

Salamu zako na za wifi yangu zimefika. Ndiyo, nimeshaanza kumwita wifi, asishtuke.

Barua yako ya Mei nilikaa nayo muda mrefu kabla ya kuijibu, na hilo lazima uliliona. Sikuwa na hasira. Nilikwenda Chujio peke yangu, nikasimama pale kwenye jiko ambalo halikujengwa, nikalia kidogo, kisha nikaona kwamba nalilia picha tu. Wewe mwenyewe uko hai, una mtu wa kukushikia kamba, na unakula keki. Nikarudi nyumbani. Nilimweleza shemeji yako kwa kelele hadi majirani wakapata habari bure. Alifikiri, akasema, "Basi mlango ungekuwa upande mbaya hata hivyo, jua lingempiga usoni." Na yakaishia hapo.

Sasa pokea habari ya visima. Mfereji ulikauka mwanzoni mwa mwezi huu, kama ulivyosema. Watu waliuangalia ukibaki matope, kisha nyufa. Juzi fundi cherehani alinitumia mtoto kuniita, akisema njoo haraka, bila kusema kuna nini. Nilikwenda mbio nikidhani wanafunga mizigo. Nilimkuta amesimama kisimani, ameshika kamba.

"Vuta wewe," akaniambia. "Mimi siyaamini macho yangu."

Nikavuta. Kamba niliyovuta ilikuwa fupi mno, ndoo ikafika juu imejaa kabla mkono haujachoka. Maji baridi, safi, bila mchanga. Aliinamisha uso ndani ya ndoo akanywa kama ndama, akainuka kidevu kinadondoka maji, akasema, "Nimeshamwandikia shemeji yangu wa mjini kwamba tunakuja. Itabidi nimwandikie tena." Mumewe yumo sokoni sasa hivi anatafuta mbuzi.

Visima vya jirani zake navyo ni hivyo hivyo. Havikupanda sawa, kimoja kimesuasua, na mhandisi anasema ni mwamba uliomo chini. Lakini vitunguu vya mwisho wa mfereji vinanyweshwa kila jioni. Vyangu vya nusu shamba vinanona kwa zamu ya kisima cha kamati. Nilimuuliza Mzee Haiwezekani anaonaje. Akachungulia kisima muda mrefu.

"Haiwezekani ikatokea mara mbili," akasema.

Tutakuja Agosti. Gauni langu analishona fundi cherehani, na amekataa kunionyesha kabla halijaisha.

Dada yako

6 Septemba

Wapendwa wangu wawili,

Tumefika salama. Lori lilitikisa kiasi kwamba shemeji yako anadai sikio la kushoto limezibuka. Mtoto tumemkuta amepata jino. Vitunguu vimeng'olewa na vimelala vikikauka chini ya kivuli, vikubwa, na ua mzima unanuka vitunguu, hata mito ya kulalia.

Nilikuwa na haya ya kuwaambia nikiwa huko, kwa hiyo nawaandikia. Tangu nizaliwe nimekunywa theluji, nimeoga theluji, nimekuza watoto kwa theluji, na sikuwahi kuigusa. Nilidhani ni nyeupe kama shuka la hospitali. Wifi yangu aliponishika mkono siku ile baada ya harusi akanipandisha pale kwenye bonde la kivuli, nikakuta kitu cha kijivu, kimejaa vumbi na vijiti, kinadondoka pembeni kama kitambaa kilichokamuliwa vibaya. Nilitaka kucheka. Akaniambia, "Wifi, piga magoti usikilize." Nikapiga magoti na gauni langu jipya. Chini yake kulikuwa na sauti ya maji, kama watu wengi wanaongea kwa pamoja bila kugombana. Nikakumbuka wote wanaoyangoja kule chini, kila nyumba, kila tuta, na yalikuwa yanakwenda kwao bila kuitwa. Badala ya kuwaambia hayo, nilisimama nikawaambia magoti yanauma.

Wifi, mkate wako tumeula njiani wote, na dereva alisaidia. Mdogo wangu umenenepa, unapendeza. Sijawahi kukuona ukimsikiliza mtu bila kumkatiza, sasa nimeona.

Kamati imekaa. Shamba lingine la mchanga limepatikana kwa ajili ya mwakani, kando ya la kwetu. Mwenyewe alilitoa akiwa amekunja uso, akasema msinishukuru, haiwezekani mkafanikiwa. Tulimpigia makofi, akatoka nje.

Jambo la mwisho. Ile ghala ya baba iliyo karibu na nyumba tumeifagia na kuipaka chokaa, ili mkipata likizo wakati lango limefungwa muwe na mahali pa kulala. Si nyumba, ni chumba tu, hakuna anayewadai kukaa. Shemeji yako ametoboa madirisha mawili. Alitaka yote yatazame shambani. Nikamwambia hapana, moja liuelekee mlima, ili mke wa ndugu yangu akiamka aone kwao. Akaanza kupima ukuta. Nilipokuwa nimemshikia kamba ya kupimia, nikajisahihisha kimoyomoyo. Huko mlimani ni kwenu wote wawili.

Dada yenu